Naomba ushauri: nembo na maandishi ya jina la kipindi cha mahojiano YouTube

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi na mwenzangu tunarekodi mahojiano na wanamuziki wa zamani wa taarabu hapa Tanga, tutayaweka YouTube. Kipindi tumekiita "Tukae Barazani". Video zipo tayari, kinachotukwamisha ni nembo na maandishi ya jina.

Wazo langu ni kuazima mpangilio wa kanga: pindo (ukingo wa kuzunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake). Pindo liwe fremu ya picha ya jalada, na jina la mgeni likae chini kwa herufi kubwa, palepale kanga inapoandikwa methali. Kwenye kompyuta ilipendeza kweli. Kwenye simu pindo limegeuka vumbi tupu, na ule muda wa video ambao YouTube huuweka kona ya chini kulia umefunika herufi za mwisho. Tena picha ya chaneli hukatwa duara, kwa hiyo nembo ya mstatili inapoteza pembe zote.

Mwenzangu anataka maikrofoni na mawimbi ya sauti. Jamani, maikrofoni kila mtu anayo!

Wenye uzoefu, nibakize korosho moja tu ya kanga (lile pambo lenye umbo la korosho) na kuachana na pindo? Na fonti gani nene, ya bure, inasomeka juu ya picha yenye rangi nyingi? Halafu mchoraji anataka kutupa PNG (faili la picha ya kawaida) peke yake. Mimi namdai na faili la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuharibika, ili tukichapisha bango nembo isipoteze ukali. Nadai kupita kiasi, au ni haki yetu?