Je, umaarufu wa Carlsen unampunguzia Gukesh ubingwa?

Katika kijiwe kimoja cha drafti karibu na Soko Kuu la Arusha, ambako baadhi ya vijana sasa huweka pia ubao wa sataranji, imezuka hoja inayostahili kujadiliwa na watu wengi zaidi: kwamba bingwa wa kweli wa dunia bado ni Magnus Carlsen wa Norway, na kwamba Gukesh Dommaraju wa India ameshika taji la kuazima kwa sababu mwenye nalo aliliacha.

Naipinga hoja hiyo, ingawa ukubwa wa Carlsen siutilii shaka hata kidogo. Alikuwa grandmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji wa sataranji, mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 13, akamvua Viswanathan Anand wa India taji mjini Chennai mwaka 2013, akalitetea mara nne, na mwaka 2014 akafikisha alama 2882 za viwango vya ubora, ambazo hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuzifikia. Umaarufu wake ameutolea jasho.

Lakini taji lina utaratibu wake, na wanakijiwe wanaujua kuliko mtu yeyote. Anayefungwa anainuka, anayefunga anabaki amekaa, visoda vinapangwa upya. Fundi akiinuka mwenyewe kwa kuchoka, hata kama hakuna aliyemfunga mchana kutwa, nafasi yake haibaki wazi kwa heshima yake. Anakaa anayefuata, na akiwafunga wanaokuja ndiye mwenye ubao. Carlsen aliinuka. Julai 2022 alitangaza kwamba hatacheza tena na Ian Nepomniachtchi wa Urusi, mpinzani aliyekuwa amepata haki ya kuligombea taji, kwa kuwa hakuwa na hamu ya pambano jingine la ubingwa. Ding Liren wa China akamshinda Nepomniachtchi mwaka 2023 na kulitwaa taji, na Gukesh, aliyeshinda mashindano ya wagombea (yanayoamua nani atapambana na bingwa) huko Toronto, akamshinda Ding mjini Singapore Desemba 2024 katika mchezo wa 14, uliokuwa wa mwisho, akiwa na miaka 18 tu. Katika safari hiyo yote sioni mahali alipopewa kitu cha bure.

Kilichonisikitisha ni yaliyofuata. Kabla mwezi huo haujaisha, gumzo lilikuwa limehamia kwenye suruali ya jinzi ya Carlsen, iliyomletea faini ya dola 200 huko New York kwa kukiuka kanuni za mavazi na kumfanya ajitoe katika mashindano ya mchezo wa haraka. Kijana wa miaka 18 amefika kileleni, na watu wanajadili suruali!

Wapo wanaosema bingwa hana budi kumshinda aliye bora. Lakini mwaka 1975 bingwa Bobby Fischer wa Marekani alikataa kutetea taji, Anatoly Karpov wa Umoja wa Kisovieti akalipata bila kusogeza kete, kisha akathibitisha uwezo wake kwa kushinda mashindano mengi makubwa. Gukesh angalau alilicheza lake. Na Juni 2025, katika mashindano ya Stavanger, Norway, alimfunga Carlsen, ambaye alipiga meza kwa ngumi hadi kete zikatikisika. Kweli, mashindano hayo yalichukuliwa na Carlsen mwenyewe, nami nakubali bila kinyongo kwamba huenda yeye ndiye mchezaji bora zaidi hadi leo. Ubora huo hauhamishi taji.

Kwa hiyo wanaoendelea kuliita taji la Gukesh la kuazima nawaomba watujibu: ni mpinzani gani aliyestahili kukutana naye ambaye Gukesh alimkwepa?