Robo ya kinamasi: ni robo ipi tunayoilima?

Mwalimu mstaafu, Tororo

Ndugu zangu, naleta swali. Je, wakulima wadogo wa mpunga waondolewe kwenye vinamasi vya mashariki ya Uganda, kama walivyoondolewa waliojenga kwenye kinamasi cha Lubigi, Kampala, mwaka 2024?

Sifichi upande wangu. Sitaki waondolewe wote, lakini kanuni wanayojikinga nayo ina tundu. Kanuni za ardhi oevu zilizotoka mwaka 2000 zilimruhusu mwanakijiji kufanya kazi za jadi bila kibali: kukata mafunjo, kuchota maji, kuvua kwa mitego na vikapu, na kulima, mradi eneo linalolimwa lisizidi asilimia 25 ya kinamasi chote. Kila mkulima ninayemuuliza hunijibu kwamba kipande chake hakikaribii hata hiyo robo. Ni kweli. Ila kinamasi cha Mto Mpologoma kinapita wilaya kadhaa. Nani alishika kamba akavipima vipande vyote kwa pamoja? Mwaka 1994 ardhi oevu ilifunika asilimia 15.6 ya nchi yetu. Kufikia 2008 ilibaki asilimia 10.9. Pengo hilo halikuchimbwa na mtu mmoja. Liliundwa na watu wengi, na kila mmoja wao alikuwa ndani ya robo yake.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Kanuni inataja robo, haisemi robo ipi. Hakuna anayeanza kulima katikati, kwenye mafunjo marefu na maji ya kifuani. Tunaanzia pembeni, kwenye majani mafupi yanayolowa wakati wa mvua na kukauka Januari. Kwa hiyo unaweza kukuta bonde ambalo robo tatu yake ni mafunjo mabichi, picha nzuri kabisa, na ukingo wake wa majani umekwisha wote. Kwa hesabu, bonde hilo liko salama.

Mkulima wa mpunga, Butaleja

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima. Naomba nikukumbushe mpunga uliingiaje huku. Skimu ya Doho, ya kumwagilia mpunga, ilijengwa miaka ya 1970 na 1980, serikali yenyewe pamoja na Wachina, maji yakachotwa Mto Manafwa. Wazee wetu walifundishwa kuchimba mifereji na kupandikiza miche. Aliyekosa kipande ndani ya skimu akafuata mfereji akalima nje yake. Leo mtoto wa yule aliyefundishwa anaitwa mvamizi.

Nyumba za bati huku zimejengwa na mpunga. Karo ya watoto wangu watano imetoka humo. Tuliambiwa tupande Nerika, mpunga wa nchi kavu, ule uliohimizwa sana na Gilbert Bukenya alipokuwa Makamu wa Rais. Nilipanda. Mvua ikakatika mashuke yakiwa yanatoka, nikavuna makapi. Kinamasi hakijanifanyia hivyo hata msimu mmoja, ingawa mafuriko ya Manafwa yamewahi kunizolea shamba zima.

Halafu tazameni kinamasi cha Lwera, kwenye barabara ya Masaka. Mchanga unachimbwa kwa mashine, mpunga unalimwa na wenye mitaji. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua hati za ardhi zilizotolewa kwenye vinamasi zifutwe. Mwenye hati ana wakili wa kumsemea. Mimi sina hati ya kufutiwa, ndiyo maana mimi ndiye rahisi kufukuzwa.

Mfanyabiashara wa mchele, Busia

Mimi nauza tu. Wakiondolewa Butaleja, magunia ya Tanzania na Pakistani yatajaza nafasi yao, na mama wa Mbale atalipa bei atakayopangiwa.

Mwanafunzi wa ikolojia

Mwalimu amegusa penyewe, naomba nimuunge mkono kwa ndege tunayemweka kwenye bendera tangu 1962. Korongo mwenye taji hatagi ndani ya mafunjo marefu. Hujenga kiota chake kwenye majani mafupi ya ukingo, maji yakiwa ya kina kidogo, akiwa anaona mbali. Vifaranga wake hutembea kwa miguu miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuruka, wakitafuta wadudu majanini. Miezi hiyo yote ukingo unatakiwa uwe umetulia. Tangu 2012 ndege huyu yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na ukimuona anadonoa kwenye mpunga usidhani amepata makao. Amekuja kula tu.

Wapo ndege wengine ambao kwao ni mafunjo au kifo, na shughuli nyingi za uhifadhi zimewaelekea hao. Ni haki yao. Lakini anayelinda mafunjo peke yake amemtunza mmoja na kumwacha mwenzake nje. Na huo ukingo ndio unaopokea mafuriko kwanza, tena ndio malisho ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Mzee wa Butaleja, huenda hata maji yaliyozoa shamba lako yangepungua kasi kama juu yako majani yangekuwepo.

Mwalimu mstaafu, Tororo

Mkulima, neno lako la hati limenikaa. Nakubali: kuondoa watu kuanzie kwa wenye mashine, na Doho ibaki ilivyo, ni kazi ya serikali yenyewe. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inaifanya serikali kuwa mdhamini wa ardhi oevu kwa niaba ya wananchi. Mdhamini hamwachii mwenye nguvu akamkimbiza mnyonge.

Lakini robo siitaki tena. Nataka kila bonde lichorwe ukingo wake, kijiji kwa kijiji, wazee na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wakitembea kwa miguu, waseme: upande huu tunalima, upande ule majani yanabaki, kuanzia nchi kavu hadi kwenye mafunjo. Wazee wanajua kuliko ramani. Wewe mwenyewe, ulipokuwa mtoto, korongo walitagia wapi?

Mkulima wa mpunga, Butaleja

Upande wa mawio, chini ya miti ya mivule miwili. Tulikatazwa kugusa mayai yao. Pale sasa ni shamba la shemeji yangu, ekari mbili, na mivule ilishakatwa. Siwezi kumwambia aache bila kumpa pa kulima. Lakini upande wa juu yake, kama ekari moja na nusu, haujalimwa bado, kuna ng'ombe tu. Watu wameshaanza kuuulizia. Jumapili baada ya kanisa nitamwona mwenyekiti kuhusu hapo.