Naomba ushauri: dakika tano mbele ya wawekezaji, niseme nini kwanza?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Sisi ni kikundi cha kina mama na vijana wa Micheweni, Pemba. Tunasindika mwani kuwa sabuni na unga. Tumeitwa Unguja kuwaeleza wawekezaji biashara yetu.

Nimefuatilia sana mawasilisho ya wenzetu. Wengi humaliza muda wakisifia teknolojia. Wakiulizwa nani ananunua, kwa bei gani na kinabaki nini, wanababaika. Walionivutia walianza na mteja, wakaja kwenye hesabu, kisha wakataja fedha wanazotaka na zitafanya kazi gani.

Kwetu pana jambo gumu. Aina ya mwani iitwayo kotonii ina bei nzuri kuliko ile iitwayo spinosamu, lakini bahari ikipata joto hufa kwenye maji mafupi. Kuilima kwenye kina kirefu kunataka boti, na kina mama wengi hawajui kuogelea. Hatari hii niitaje mwenyewe mapema? Naona ndiyo, ila wenzangu wanahofia tutawakimbiza watu.

Na aliyewahi kumpa mwekezaji hisa: mliandikiana vipi hata wakulima wakabaki na sauti? Hili ndilo linaloninyima usingizi.