Ghala la sinema hapa Mbeya: unalipa 15,000, tafsiri unaisoma kwenye shati la mtu

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna jamaa hapa Mbeya wamechukua ghala la zamani la kahawa, wakapiga rangi, wakaweka baa, wanaonyesha filamu za kisanii. Jina sitaji, wenyeji mshajua. Kiingilio elfu kumi na tano pamoja na kinywaji kimoja (soda, ukitaka bia unaongeza hela, hilo hawakuliandika kwenye tangazo).

Jumamosi nikaenda na mdogo wangu, kapanda Coaster kutoka Tukuyu kwa ajili hiyo tu. Siku hiyo ilikuwa La Noire de... ya Ousmane Sembène, Msenegali, ya mwaka 1966. Nyeusi na nyeupe, Kifaransa mwanzo mwisho, kama saa moja hivi. Filamu hii picha yake inakaribia mraba. Hawa wameivuta kwa lazima ijaze ukuta. Diouana, binti wa Dakar aliyepelekwa Ufaransa akaishia kuwa mtumwa wa kazi za ndani, kawa mpana kama pipa!

Hilo ningemeza. Maandishi ya tafsiri je? Projekta wameilaza chini mno, kwa hiyo maandishi yanaangukia kwenye friji la bia na migongo ya watu wa kaunta. Nimesoma nusu ya sentensi kwenye shati jeupe la jamaa mmoja. Akiinama kuchukua chipsi, Kiingereza nacho kinainama.

Nikamfuata kijana wa projekta kwa adabu kabisa. Jibu: "Kaka, hii ni sanaa, siyo lazima uelewe kila kitu."

Hivi kibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, kwa hela kidogo tu, si tunawekewa DJ anayetafsiri mpaka mlio wa bunduki?

Halafu mvua ikaja. Mnaijua mvua ya huku. Mabati matupu, hakuna dari, na wenyewe wanajisifu wameacha hivyo kutunza uasili wa jengo. Kahawa haikuhitaji kusikia, sawa, sasa sisi? Na filamu hii sehemu kubwa ni mawazo ya Diouana mwenyewe, anaongea moyoni huku mdomo umefungwa. Sauti imemezwa na mabati, tafsiri iko mgongoni mwa mtu, umebakiwa na nini? Kule mwisho, bafuni, pale ambapo ukumbi mzima ungetakiwa unyamaze, kaunta wakalipuka: goli. Televisheni ya mpira haikuzimwa hata dakika moja.

Mlango wa pili umezibwa na makreti, siku moto ukitokea sijui tutatokea wapi.

Nimewaandikia tangu Jumapili. Wamesoma, kimya. Jana wametuma tangazo la wiki ijayo: picha ya glasi ya mvinyo, jina la filamu kwa herufi za sisimizi pembeni.

Nataka elfu thelathini yangu. Soda zao wakate.