Kuitwa "moyo wa kuku" kwenye spika pale soko la samaki Mwaloni, Mwanza, hii saa ya mapigo nitaivunja kwa nyundo

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, na asiniambie mtu ni presha.

Yule jamaa yetu wa koti jeupe na spika, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Asubuhi hii nimetoka kupakia magunia 14 ya dagaa kwenye fuso, jasho mpaka kwenye kandambili, akanidaka mkono. "Mzee baba, pima moyo bure." Akanivisha saa, taa ya kijani inamulika kwa chini, inarusha kwenye simu yake, simu inachora milima. Mapigo 141 kwa dakika. Badala ya kuninong'oneza kama mtu aliyelelewa, akashika maiki: "HUU NI MOYO WA KUKU!"

Mimi! Akina mama wa dagaa walicheka mpaka nadhani Ukerewe walisikia. Mama lishe anayenidai chapati mbili kaniuliza leo nakula au nadonoa.

Halafu ati nilipie kifurushi cha mwezi, mfumo utanichambua moyo usiku na mchana. Nichambuliwe, mimi dagaa?

Moyo wa kuku. Kwenye spika. Narudia ili muelewe.

Ngosha wa Igoma: Pole mkuu. Una miaka mingapi? 220 toa umri, hayo ndiyo makadirio ya mapigo ya juu kabisa. Umetoka kubeba magunia, 141 ni halali yako. Ile 60 mpaka 100 ni ya mtu aliyetulia. Keti dakika tano ndiyo upime.

Mleta uzi: Nina 43. Yaani nina mpaka 177 na bado naitwa kuku?

Kifaranga Mkuu: Kuku mwenyewe anapita 250. Wewe hata ukuku hujafika.

Mvuvi wa Sweya: Hizo sensa za mkononi zinadanganya sana.

Kifaranga Mkuu: Sensa si ilifanyika 2022?

Mvuvi wa Sweya: Kihisi basi, mwalimu! Ile taa inaangalia damu inavyopita chini ya ngozi. Saa ikilegea au mkono ukitikisika, inasoma ndoto. Yangu ilinihesabia hatua 9,000 nimekaa kwenye mtumbwi napiga kasia.

Wakili wa Kijiweni: Kuanika mapigo ya mtu hadharani? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mshitaki.

Kifaranga Mkuu: Hakimu ataomba kielelezo, kuku apimwe tena.

Bibi Sato: Afadhali wewe umepimwa bure. Mimi jana nimeuziwa sato wa kiganja bei ya mbuzi, nyumbani namkuta amelegea kama tambi.

Mvuvi wa Sweya: Ulimfunua mashavu? Yakiwa ya kahawia, acha.

Bibi Sato: Alimfunika na barafu, ningejuaje?

Ngosha wa Igoma: Na sangara je, leo wanauza bei gani?

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu!

Bibi Sato: Kuku, subiri kidogo, tunaongea samaki.