Tupeane uzoefu: ushawahi kusimama pale kwenye mkunjo wa basi refu?

Wakuu, habari za jioni.

Leo nimepanda mwendokasi Kimara kwenda Kivukoni, lile refu la mita 18. Nikabanwa katikati kabisa, juu ya ile sahani ya mviringo, pembeni mpira uliokunjwakunjwa kama akodiani la taarabu. Dereva alipoiacha Morogoro Road kuingia Sokoine, sahani ikageuka na mguu wangu wa kushoto. Wa kulia ukabaki Morogoro Road. Nikamshika mzee wa watu tai.

Naamini kila mkazi wa Dar ana kisa cha pale katikati. Abiria, dereva, fundi, leteni.

Babu wa Keko:
Kijana, umenikumbusha mbali. UDA, shirika la mabasi ya Dar, ilianza 1974, ilipogawanywa DMT, kampuni ya mabasi iliyokuwepo kabla yake. Sisi tukiwa wanafunzi tukayajua mabasi ya Hungary, Ikarusi, yale marefu tukiyaita kumbakumba. Likisimama kituoni linakumba wote, hata aliyekuja kusindikiza.

Pale kwenye mkunjo palikuwa pa watoto. Tulipagombania kuliko siti, maana kona zikianza unabembea bure. Na kulikuwa na faida ya pili: konda akitokea mbele anagongagonga sarafu, unavuka mkunjo kwenda nyuma, akija nyuma, unarudi mbele kwa kupenya chini ya makwapa ya watu. Mungu anisamehe, nauli kadhaa sikulipa.

Kitu kimoja mwanangu hataki kuamini: joto la sakafu. Chumba cha mbele, ukisimama sehemu fulani, ndala inalainika.

Fundi Dizeli:
Babu hasemi uongo. Ikarus 280 injini yake ililala chini ya sakafu, kwenye kipande cha mbele, ikizungusha ekseli ya pili. Kwa hiyo kipande cha mbele kinavuta, cha nyuma kinafuata kama tela. Mabasi yale yalitengenezwa zaidi ya 60,000, yakasambaa nchi nyingi.

Marefu mengi ya siku hizi injini iko mkiani na nguvu inakwenda ekseli ya tatu. Hapo mambo yamegeuka: nyuma inasukuma mbele. Jaribu kusukuma mnyororo uone. Ndiyo maana kiungio kina mitungi ya mafuta ya haidroliki inayokaza pale basi linapotaka kujikunja kuliko inavyotakiwa. Abiria anaona mpira tu, lakini mpira ni wa kuzuia vumbi na mvua. Kazi yote iko chini ya miguu yako.

Mama Wawili:
Mimi nilitoka Kariakoo na maembe kumi na mbili kwenye rambo. Rambo likapasuka palepale kwenye sahani. Basi likakata kona, maembe yakaenda kushoto, likanyooka, yakarudi. Abiria wazima na suti zao wameinama wanakamata maembe. Nilirudishiwa tisa. La kumi nilimwona nalo mtoto mmoja, keshalitoboa kwa meno, ananitazama usoni bila wasiwasi.

Sina Siti:
Hapohapo ndipo simu yangu ilipopotelea. Sina la kuongeza.

Usukani Mrefu:
Naendesha marefu, nisiseme wapi. Watu wanadhani shida ni urefu barabarani. Hapana, njia yenu wenyewe, nani atakubughudhi? Shida ni kituo. Kibaraza kimeinuliwa kiwe sawa na sakafu ya basi, wewe inabidi ulilaze lote limnyookee. Ukiingia na pembe kidogo, mlango wa mbele unakaa vizuri, wa nyuma unaacha pengo. Wiki yangu ya kwanza mama mmoja alisimama kwenye pengo hilo na mtoto mgongoni, akapaza sauti: "Dereva, tuogelee au turuke?" Basi zima likacheka. Nikajivuta mbele, nikajipanga upya, jasho linanitoka kama nimebeba magunia.

Na kona ikiwa kali, kuna sekunde kioo cha upande mmoja hakikuonyeshi mkia. Kinakuonyesha mpira mweusi tu. Unaendesha kwa kumbukumbu.

Kurudi nyuma msiniulize.

Mbeba Boksi:
Salamu kutoka Marekani. Mimi naendesha kwenye mji wa vilima na theluji. Anachosema fundi nimekiona kwa macho. Asubuhi moja napanda mlima, tairi za nyuma zikateleza huku zinasukuma, nikamwona mwenzangu mbele yangu basi limejikunja limekuwa herufi V, limeziba barabara nzima. Abiria wakashuka mmoja mmoja wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Siku hizi theluji ikitangazwa tunafunga minyororo kwenye tairi, na ikizidi marefu yanalala yadi, yanatoka mafupi. Halafu ukimpigia mama Tanga unamwambia umekosa zamu kwa sababu ya barafu, anakuuliza barafu ya ubuyu?

(Mleta mada):
Mama Wawili, pole kwa maembe. Fundi, swali: lile la leo kila likikata kona lilikuwa linalia kwiii, kwiii, palepale chini yangu. Nishuke au niendelee kupanda?

Fundi Dizeli:
Bila kuliona siwezi kuapa. Ila mlio wa hivyo mara nyingi ni grisi tu. Endelea kupanda, lakini mwache mzee wa watu na tai yake.