Meshi ya waifai au redio za zamu kwa vituo vya kahawa Elgon?

KahawaElgon: Habari zenu wanajukwaa. Ushirika wetu unaunganisha vituo vitano vya kupokea kahawa na ofisi ya Mbale. Nimebakiwa na mawili: meshi ya waifai, vituo vikipokezana pakiti (vifurushi vya data), au redio za zamu, moja ya katikati ikiipangia kila redio muda wake wa kutuma. Ijumaa nalipa. Nichukue ipi?

FundiMnara: Umbali? Vituo vinaonana? Mnatuma nini? Umeme upo? Bila hayo tunapiga ramli.

Akiiki_FP: Meshi. Nodi (redio ya kituo) moja ikizima, njia inajitafuta upya.

MamaSola: Mimi ilinichoma. Shule moja huku Gulu, redio tatu. Mbili za pembeni zimekingwa na mwamba, hazisikiani. Ya katikati inazisikia zote. Waifai husikiliza hewa kwanza ndipo itume. Basi huyu anasikiliza, kimya, anatuma. Yule naye vilevile. Pakiti zinagongana kwa wa katikati. Usiku safi kabisa, walimu wakifungua kompyuta asubuhi kila kitu kinakwama. Nilipanda mnara mara nne kugeuza antena, na antena haikuwa na kosa lolote. Mwisho nikawasha RTS/CTS: anayetaka kutuma anaomba, wa katikati anajibu, wote wanaomsikia wananyamaza. Kukatulia, ila maombi yenyewe yanakula muda.

FundiMnara: Ndiyo maana mimi nachagua zamu: kila mmoja na muda wake, hakuna kugongana. Tena kwa waifai ongeza muda wa kusubiri jibu. Kilomita 10 ni maikrosekunde 33 kwenda tu. Redio ikikosa subira inatuma tena bure.

Akiiki_FP: Na huyo wa katikati akizima? Wote bubu. Kupokezana kuna faida yake: kwa 802.11b, waifai ya zamani, nodi ya mbali inayotuma kwa Mbps 1 (megabiti kwa sekunde), ikipitia jirani kwa Mbps 11 mara mbili, inapata karibu 5.5. Wengine wanaachiwa hewa mapema.

FundiMnara: Hiyo ni hatua mbili. Vituo vitano kwenye mstari, redio mojamoja, kila hatua inakula muda wa hewa wa mwenzake.

KahawaElgon: Samahani, nilichelewa. Kilomita 4 hadi 9, viwili vimetenganishwa na mgongo wa mlima. Tunatuma uzito wa mizani na namba ya mkulima. Sola.

MamaSola: Uzito tu? Ungesema mapema! LoRa, redio za masafa marefu za data kidogo, ingetosha, na haili betri. Mmefunga waya wa ardhini?

KahawaElgon: Bado. Radi ilishatuunguzia chaja.

MamaSola: Anza na huo kabla ya Ijumaa. Nguzo ni ya chuma au mti?